Mstari Mmoja, Siyo Kumi: Mwongozo Kamili wa Kuchora kwa Mkono Usiosita

Tazama kwa karibu mchoro wa mtu anayejifunza, hasa penye shavu au bega. Ukingo ule haukuchorwa kwa mstari mmoja. Umeundwa na vipande kumi na kitu, vifupi vifupi, vilivyopandana, vingine vimeingia ndani, vingine vimetoka nje, penseli ikipapasa kutafuta njia. Ukisogea nyuma hatua mbili unaona shavu limeota manyoya. Mwenye mchoro anajua kuna kitu hakijakaa sawa, basi anabonyeza zaidi, anakoleza, anafuta, anarudia, mpaka karatasi inachakaa kabla sura haijapatikana. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema mkono wao ni mzito.

Mkono mara nyingi hauna kosa. Umepewa kazi mbili kwa mpigo: kuamua mstari upite wapi, na papo hapo kuupitisha. Mazoezi yaliyo hapa chini yote yanalenga kuzitenganisha kazi hizo. Unaamua kwanza, kalamu ikiwa hewani. Ukishaamua, unachora bila kuamua tena.

Mtetemo unatoka wapi

Mkono wa binadamu mwenye afya hutetemeka kidogo wakati wote, takriban mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Ukichora mstari wa sentimita 10 polepole, kwa sekunde 5, mitetemo 40 hadi 60 inajiandika ndani yake. Ukiuchora mstari huohuo kwa nusu sekunde, inaingia minne hadi sita tu, tena imevutwa kiasi kwamba jicho haliioni. Ndiyo maana mstari wa kunyatia huonekana wa mtu mwenye hofu hata kama aliyeuchora hana hofu yoyote.

Halafu kuna jicho, ambalo hapa linatusaliti kwa kutaka kusaidia mno. Jicho likiona kalamu imepotoka, hupita takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kabla sahihisho halijafika mkononi. Kufikia hapo kalamu imeshasogea, kwa hiyo sahihisho linapita kiasi, nalo linahitaji kusahihishwa. Matokeo yake ni mstari unaoyumba kushoto na kulia. Ukienda kwa kasi ya kutosha, jicho halipati nafasi ya kuingilia. Mkono unatekeleza amri moja iliyotolewa mwanzoni.

Kasi ina gharama yake, bila shaka. Mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts alilipima jambo hili mwaka 1954: kadiri shabaha inavyokuwa ndogo au mbali, ndivyo mkono unavyohitaji muda zaidi kuifikia. Ukiharakisha, utakosea shabaha. Hapa lazima uchague, na ushauri wangu hauna utata: ulaini kwanza, usahihi baadaye. Mstari laini uliopita milimita 3 pembeni ya nukta una faida kwako kuliko ule ulioigonga nukta baada ya kujikunjakunja njiani. Usahihi utakuja wenyewe kwa mazoezi, lakini mtu aliyezoea kunyata anaweza kunyata miaka kumi na asibadilike. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwenye mstari haraka ya kiasi ina baraka zake, mradi subira yote imalizwe kabla kalamu haijagusa karatasi.

Vifaa

Karatasi za A4 za kawaida, zile za gramu 80, zinatosha. Karatasi zilizokwisha kuchapwa upande mmoja zinafaa zaidi, kwa sababu huzionei huruma. Kalamu ni peni ya bei ndogo ya dukani, ambayo Wakenya huiita biro. Kwa mazoezi ninaipendelea kuliko penseli kwa sababu haifutiki: kosa linabaki pale, unaliona, unajifunza nalo. Weka kitambaa karibu cha kufutia ncha, maana peni hizi hujikusanyia wino na kudondosha doa katikati ya mstari mzuri. Kwa michoro kamili ongeza penseli ya HB na ya 2B. Raba iweke droo nyingine wakati wa mazoezi.

Kitu kimoja watu hukidharau nacho ni muhimu: ubao mgumu wa kuegemezea karatasi, hata kipande cha plaiwudi. Karatasi ikilala bapa mezani, sehemu yake ya juu iko mbali zaidi na macho yako kuliko ya chini, na unaiona imefupika. Bila kujua unafidia kwa kurefusha, ukija kuuinua mchoro unakuta kichwa cha mtu kimekuwa kirefu. Inamisha ubao, upande wa juu uinuke, mpaka uitazame karatasi yote kwa usawa.

Kiungo kipi kifanye kazi

Fanya jaribio dogo. Tuliza kiganja mezani, chora mstari ukitumia kifundo cha mkono peke yake. Utapata tao fupi la sentimita chache, limepinda dhahiri. Sasa tuliza kiwiko, uache mkono wote kuanzia hapo uzunguke: tao linakuwa refu na pana. Mwisho inua kiwiko, mwendo utoke begani. Mstari sasa unaweza kuvuka karatasi nzima na kupinda kwake ni kidogo sana.

Kila kiungo kinachora tao, na kadiri kiungo kilivyo mbali na ncha ya kalamu ndivyo tao linavyonyooka. Anayejaribu kuchora mstari mnyoofu wa sentimita 20 kwa kifundo anashindana na mifupa yake mwenyewe. Baadhi ya walimu husisitiza kila mstari utoke begani. Mimi naona hilo limepitiliza. Kope za jicho, herufi na vivuli vya mistari midogo ni kazi ya vidole na kifundo, na hakuna haja ya kuzungusha bega kwa ajili ya kope. Mstari wa kati, tuseme sentimita 5 hadi 15, mpe kiwiko. Unaozidi hapo, mpe bega. Ila kwa miezi ya mwanzo tumia bega kuliko unavyodhani unahitaji, kwa kuwa mazoea ya kuandika shuleni yametufunga wote kwenye kifundo.

Shika kalamu mbali kidogo na ncha, kama sentimita 4, na uilegeze. Ukucha wa kidole cha shahada ukiwa mweupe, unakamua. Geuza karatasi upapase mgongo wake; ukisikia matuta, unabonyeza. Kidole kidogo kiguse karatasi kwa ncha yake na kuteleza nayo, kikushikilie umbali bila kubeba uzito.

Tena, zungusha karatasi. Kila mkono una upande wake wa kupenda. Wengi wanaotumia mkono wa kulia huona raha kuchora mstari wa mshazari kati ya juu kulia na chini kushoto, na wa mashoto kinyume chake. Vivuli vya Leonardo da Vinci, aliyekuwa wa mashoto, vimelala kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, na wataalamu huutumia mlalo huo kama dalili moja ya kutambua mkono wake. Ujue mlalo wako, kisha ugeuze karatasi ili kila mstari muhimu uangukie hapo. Anayeiacha karatasi imenyooka muda wote kwa sababu ya nidhamu anajitesa bure.

Mwendo wenyewe: nukta, hewani, chini

Huu ndio moyo wa mwongozo, kwa hiyo usiuruke hata kama unaona ni rahisi.

Weka nukta mbili, kama sentimita 8 kati yake. Geuza karatasi mpaka njia kati ya nukta hizo ikae vizuri mkononi. Sogeza ncha ya kalamu juu ya nukta ya kwanza, iwe inaelea, haigusi. Sasa ipitishe hewani hadi nukta ya pili na urudi, mara mbili au tatu, kwa kasi ileile utakayochorea. Hapa ndipo unapoamua. Ukiona njia inapinda, rekebisha kiwiko, rekebisha karatasi, vuta pumzi. Una muda wote duniani. Macho yahamie kwenye nukta ya pili na yabaki huko. Mkono ukishauzoea mwendo, shusha kalamu bila kubadili kasi, uache mstari utoke.

Ukikosea, usipitishe mstari wa pili juu yake. Hili ndilo gumu kuliko yote. Vidole vitawasha vikitaka kurekebisha. Acha, nenda kwenye jozi nyingine ya nukta. Mstari wa pili wa kurekebisha ndio unyoya wa kwanza, na ukiruhusu mmoja, shavu zima litaota.

Mwanzoni mstari utapita nukta ya pili. Si kitu. Baada ya wiki kadhaa anza kuinua kalamu pale unapofika kwenye nukta badala ya kuikanyagia breki. Kukanyaga breki huacha ndoana ndogo mwishoni, na ndoana hizo zikiwa nyingi mchoro wote unaonekana umechafuka bila mtu kujua kwa nini.

Mazoezi, na namna ya kuyasoma

Zoezi la kwanza ni hilo la nukta mbili, ukurasa mzima. Changanya urefu na mielekeo. Ukimaliza usihesabu mistari mizuri. Tafuta kosa linalojirudia, maana kosa linalojirudia lina sababu. Mistari yote ikipinda upande uleule, unatumia kiungo kilicho karibu mno, kwa kawaida kifundo. Ikitetemeka mwanzoni kisha ikatulia, unashusha kalamu kabla mwendo haujaanza. Hakikisha mkono unatembea tayari unapogusa karatasi. Ikianza vizuri na kuyumba mwishoni, macho yamerudi kufuata ncha. Ikiwa minyoofu lakini inakosa nukta ya pili kwa upande uleule, umekaa vibaya: sogeza karatasi upande wa mkono unaochorea, isiwe katikati ya kifua.

Zoezi la pili: chora mstari mmoja mnyoofu kwa rula, wa sentimita 15, kisha pitisha mkono juu yake mara nane, kila mara ukianza kwenye ncha ileile. Mwishoni mistari itatawanyika. Mtawanyiko wa upande mmoja ni sawa kabisa. Ukitawanyika ncha zote mbili, unaharakisha kuanza. Tuliza kalamu hewani, juu ya ncha ya mstari, kila mara kabla ya kwenda. Rudia kwa tao, kisha kwa wimbi lenye mikunjo miwili. Wimbi ndilo linalofichua nani ananyata.

Mistari sambamba ipitie haraka: jaza mraba wa sentimita 5 kwa mistari yenye nafasi sawa, bila rula. Jicho litazame nafasi iliyo kati ya mistari, siyo mstari wenyewe.

Duaradufu, yaani maduara yaliyobanwa, zinahitaji subira, kwa sababu ndizo zinazobeba kila kikombe, gurudumu, ndoo na jicho utakalochora maishani. Chora njia mbili sambamba, kisha zijaze duaradufu zinazogusa juu na chini na kugusana ubavuni. Zungusha hewani kwanza, ukishusha zunguka mara mbili bila kuinua. Mzunguko mmoja huacha mshono unaoonekana; mitatu huanza kuota manyoya. Angalia ncha zake mbili nyembamba: hata duaradufu iliyobanwa sana ina ncha za mviringo, haina pembe. Zikikuchongokea, unageuza kwa vidole pale kona ilipo kali badala ya kuacha kiwiko kizunguke. Ukichoka na duaradufu, zichore kubwa, za kujaza nusu ya karatasi, kwa bega. Ni rahisi ajabu kuliko ndogo, nayo ni habari njema kwa siku mbaya.

La mwisho ni mstari unaonenepa na kukonda. Tumia penseli ya 2B. Anza kwa kugusa tu, ongeza uzito katikati, punguza mpaka penseli inaondoka yenyewe. Halafu geuza: nene mwanzoni na kukonda mwishoni. Utalihitaji hapo chini.

Waliokwisha kulijua hili

Ukanda wa pwani yetu una walimu wa mstari ambao watu hawawaiti wachoraji. Kaa karibu na mama anayempamba bi harusi hina, Unguja, Lamu au Mombasa. Ana koni ya plastiki yenye ncha iliyokatwa kidogo sana, na mbele yake kuna ngozi ya mtu, siyo karatasi. Akikosea, rangi imeshaanza kuingia. Tazama mkono wake: kidole kidogo kimeegemea mkono wa mteja, ncha ya koni imeinuliwa kidogo juu ya ngozi, na uzi wa hina unashuka huku mkono ukiuongoza. Hatazami ncha. Anatazama pale ua linapokwenda kuishia. Kabla ya tawi jipya husimama kidogo, akilipima kwa jicho, kisha linatoka lote kwa mkupuo. Ukipata nafasi, nunua koni ya hina na ujaribu kwenye karatasi. Ukinyata, uzi unajaa na kuvimba. Ukikimbia, unakatika. Koni inakuonyesha kasi sahihi papo hapo kuliko kalamu yoyote.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alifanya kazi kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya ubao. Rangi hiyo ni nzito na inang'aa, na haina huruma ya penseli. Tazama ukingo wa mnyama kwenye picha za mtindo huo: mgongo wa chui huvutwa kwa brashi kutoka shingoni kwenda mkiani bila kusitasita, na umbo linasomeka ukiwa upande wa pili wa barabara.

Magazeti nayo yana somo. Katuni hupunguzwa ukubwa na kuchapwa kwenye karatasi inayonyonya wino, kwa hiyo mstari hafifu hupotea na mstari wa manyoya hugeuka doa. Tafuta kazi za Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, au za Masoud Kipanya, uweke karatasi nyembamba juu ya katuni moja na uipitie, kila mstari kwa mkupuo mmoja kama alivyofanya mwenyewe. Utashangaa ni mistari michache kiasi gani inayounda uso wa mwanasiasa. Fanya hivyo kwa kujifunza tu. Usiiweke mtandaoni kama kazi yako.

Kutoka mazoezini hadi mchoro: dele la kahawa

Watu wengi hufanya mazoezi vizuri sana, kisha wakianza mchoro halisi wanarudia kupapasa. Basi tuchore kitu kizima pamoja. Chukua dele la muuza kahawa, lile birika lenye mwili mpana chini unaokonda kuelekea juu, mdomo wake na mkono wake. Kama huna dele, birika la chai linatosha.

Anza na penseli ya HB, uzito mdogo kabisa, uone kwa shida. Vuta mhimili wa wima kwa nukta mbili. Juu ya mhimili huo weka duaradufu tatu: ya kitako, ya mahali mwili unapoanza kukonda, na ya mdomo wa juu penye mfuniko. Zote zikatwe katikati na mhimili. Dele likiwa mezani na wewe umekaa, duaradufu ya kitako ndiyo iliyo mbali zaidi na usawa wa macho yako, kwa hiyo itakuwa pana kuliko zote kutoka juu hadi chini, na ya mfuniko itabanwa. Wanaoanza hufanya kitako kiwe mstari mnyoofu kwa sababu wanajua dele limekaa juu ya meza bapa. Usichore unachokijua, chora duaradufu.

Sasa ubavu. Geuza karatasi mpaka upande wa ndani wa tao uelekee kiwiko chako, pitia hewani kutoka kitako hadi shingo, kisha vuta kwa mkupuo mmoja. Ubavu wa pili una mtego: mkono haupendi upande ule. Geuza karatasi juu chini ikibidi. Mdomo wa kumiminia uanzie kwenye mstari wa kati, mmoja tu, unaoonyesha unavyopinda; ukiridhika nao, ndipo uweke mistari miwili ya pembeni inayokaribiana kuelekea ncha. Mkono wa dele vilevile.

Rasimu ikikamilika, ififishe kwa raba kwa kuipapasa juu juu, ibaki kivuli tu. Hapa panaingia kosa ambalo naliona kwa wanafunzi wengi kuliko lingine lolote: wanachukua peni na kuifuata rasimu hatua kwa hatua, ncha ikitambaa juu ya penseli. Mstari unaotoka ni mkavu na umetetemeka, na rasimu inakuwa nzuri kuliko kazi iliyomalizika. Rasimu ikuambie mstari unaanzia wapi, unaishia wapi na unapinda wapi. Ukishajua matatu hayo, weka ncha hewani, pitia, shusha. Ukipishana na rasimu kwa milimita moja, hakuna atakayejua baada ya penseli kufutwa.

Mstari ukiwa mrefu mno kwa mkupuo mmoja, ukate mahali penye sababu: kwenye kona, pale mdomo unapoungana na mwili, pale kitu kimoja kinapojificha nyuma ya kingine. Kama hakuna mahali pa namna hiyo, inua kalamu taratibu ili mstari ukonde, kisha uanze mpya ndani ya ule mkia uliokonda. Au acha pengo dogo. Jicho la mtazamaji huliziba bila kulalamika.

Unene

Mchoro wenye mistari safi yote ya unene mmoja unaonekana umekatwa kwa mashine. Ni safi, lakini haujasimama. Nenepesha pale dele linapogusa meza. Nenepesha pia pale kitu kilicho mbele kinapopita juu ya kilicho nyuma, kama mkono wa dele unapopita mbele ya mwili wake, na upande uliopewa mgongo na mwanga. Upande wa mwanga ukonde, hata ukatike kabisa sehemu mbili tatu. Mapambo ya ndani, michirizo na misumari, yabaki membamba kuliko ukingo wa nje.

Unene unaongezwa kwa mstari wa pili uliopangwa kama wa kwanza, hewani halafu chini, ukianza mwembamba na kuishia mwembamba. Kunenepesha kwa kusugua mbele na nyuma kunarudisha manyoya uliyokwisha kuyanyoa. Na usinenepeshe kila kitu. Mchoro mdogo unahitaji sehemu tatu au nne tu.

Ukitumia wino

Kalamu za ncha nyembamba zinazotoa unene mmoja, kama Pigma Micron, zinauzwa kwa namba. Namba 05 hutoa mstari wa milimita 0.45, na 01 wa milimita 0.25. Kwa kuanzia 05 inatosha, na unene mwingine utaujenga mwenyewe. Brashi na kalamu ya kuchovya ni tamu zaidi kwa sababu zinanenepa kwa uzito wa mkono, lakini ziache mpaka zoezi la mstari unaokonda liwe limekaa mkononi. Anza juu upande ulio kinyume na mkono wako ili usiburuze wino mbichi; wa mashoto aanzie kulia. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, jasho la mchana wa Dar halina urafiki na wino. Subiri ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli, kisha subiri tena kidogo.

Ukichora kwenye skrini

Yote yaliyotangulia yanabaki vilevile, pamoja na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kitufe cha kutendua. Anayetendua mara thelathini mpaka mstari ukubali amerudi kupapasa, tofauti ni kwamba ushahidi umefutwa. Jipe sheria: kutendua mara mbili tu kwa mstari, ukishindwa rudi hewani. Cha pili ni kukuza picha. Ukiikuza sana, kila mstari unakuwa vipande vifupi, na ukirudisha ukubwa wa kawaida unaona vinavyogongana. Chora mistari mirefu picha ikiwa inaonekana yote.

Programu kama Krita, ambayo ni ya bure, na ibisPaint kwenye simu, zina kitulizaji kinacholainisha mstari. Kitumie, lakini kidogo. Kikiwa juu sana mstari unabaki nyuma ya kalamu na kona zote zinakuwa mviringo. Kama kioo kinateleza, karatasi ya plastiki isiyong'aa juu yake husaidia sana. Na kwa wenye tableti ya kuunganishwa na kompyuta: hakikisha uwiano wa upana na urefu wa tableti unalingana na wa skrini kwenye mipangilio. Usipolingana, mkono utachora duara na skrini itaonyesha duaradufu, utajilaumu bure.

Ratiba

Dakika 15 kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Dakika tano za nukta mbili, tano za duaradufu au wimbi kwa kupokezana, na tano za kuchora kitu kilicho mbele yako, kiatu, jirani anayesubiri daladala, chochote, kwa peni na bila raba. Siku unayochora kazi kubwa, anza na ukurasa mmoja wa mistari ili bega liamke. Mkono ukiuma kwenye kifundo, acha hapohapo. Maumivu hayo mara nyingi yanatokana na kukamua kalamu, na kuendelea hakutakufundisha kulegeza.

Andika tarehe kwenye kila ukurasa na uzihifadhi zote, hata mbaya. Kila mwisho wa mwezi zitandaze sakafuni kwa mpangilio, utafute kosa moja linaloonekana katika nyingi, na mwezi unaofuata zoezi linalolihusu lipewe dakika kumi badala ya tano. Zoezi ambalo halikupi shida tena lipunguze, uweke jingine mahali pake: mistari miwili sambamba inayopinda pamoja, au duaradufu zinazopungua ukubwa kuelekea mbali, au herufi kubwa za bango zilizochorwa kwa bega bila rula.